Sauti Niliyoifuta kwa Vidole Viwili

Vijana wa gitaa, hakuna wiki inayopita bila mmoja wenu kunijia hapa New Congo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, simu mkononi, picha ya mashine ya sauti za gitaa kwenye kioo. "Papa Byamungu, ninunue hii ao ile?" Na kila mara mimi hujibu kwa swali lisilomfurahisha: "Kanisa lenu linapata umeme wapi?"

Namwona usoni anavyofikiri kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa. Yeye amekuja kuulizia kijisanduku kinachoiga ampli mia moja, mimi namuuliza habari za betri. Lakini mimi nimekaa na mashine hizi tangu wengi wenu mlipokuwa mgongoni mwa mama zenu, na nawaambia: karibu zote nilizoziona zikifa hapa Nakivale hazikufa kwa kupigwa sana. Ziliuawa na umeme. Zile ambazo hazikufa, zilinguruma. Unakuta kanisa limefunga sola na kile kigeuza-umeme cha bei ya chini, kijana anachomeka mashine, kabla hajagusa waya wa kwanza bafle, yaani spika zile kubwa, zinaimba zenyewe, mmmm, kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Mchungaji anamwangalia mpiga gitaa, mpiga gitaa anaiangalia mashine. Mashine haina kosa. Umeme unaoilisha ndio mchafu.

Basi kama kwenu ni sola, tafuta mashine inayokubali betri za tochi au pawabanki. Hata ikiwa na sauti kumi tu badala ya mia. Kumi zilizo safi zinatosha kuabudia mwaka mzima. Na ukitumia adapta, kabla hujachomeka piga magoti uangalie karibu na tundu la mashine. Kuna kamchoro: kiduara, alama ya kujumlisha upande mmoja, ya kutoa upande mwingine. Adapta lazima iwe na mchoro ule ule. Adapta hufanana kama watoto wa tumbo moja, na ncha zake zinaingia vizuri kabisa, lakini moja ina chanya ndani na nyingine ina chanya nje. Ukikosea unasikia harufu tu. Hakuna kelele. Harufu, halafu kimya.

Hayo nilifundishwa na Mzee Katabazi, ambaye alinichorea ule mchoro kwa kalamu nyuma ya mkono wangu wa kushoto kila asubuhi kwa wiki mbili. "Wewe Kongomani," alisema, "hapana nawa hii mpaka jioni."

Lazima niwaeleze Mzee Katabazi ni nani. Mimi nilitoka Kivu ya Kusini na mke wangu na nguo tulizovaa. Nyumbani nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya, na tulikuwa na ampli ya lampu, ile ya zamani inayowaka taa ndani, nzito kama ndama, ambayo watu wawili ndio waliibeba. Niliiacha pale pale kanisani, na sijui nani aliichukua. Hapa Nakivale nililima mahindi kama kila mtu. Siku moja nilipeleka mahindi Mbarara, na nikipita mtaa wa Kakoba nikaona duka dogo lenye magitaa mawili yametundikwa mlangoni. Nilisimama. Nilisimama muda mrefu mpaka mwenye duka akatoka.

Alikuwa Munyankole mnene, mwenye mguu mmoja mgumu, aliyepiga tarumbeta katika bendi ya jeshi mpaka akastaafu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na cha amri.

"Wewe nataka nini?"

"Sitaki kitu, mzee. Naangalia tu."

"Najua piga?"

"Najua kidogo."

Alilishusha gitaa moja, akanipa. Nikapiga wimbo mmoja wa kwetu. Hakunisifu. Aliingia ndani, akarudi na kisanduku cha rangi ya kijivu chenye vifundo na pedali moja, akakichomeka. "Sasa piga tena." Nikapiga, na ile ampli yetu ya lampu ikatoka katika kijisanduku kile. Ampli nzito kama ndama, imekaa mezani, ndogo kama Biblia ya mchungaji. Sikuweza kuendelea. Nilishika nyuzi zikanyamaza, nikageuza uso ukutani.

Mzee Katabazi alingoja. Halafu akasema, "Jumatatu kuja saa mbili. Hapana chelewa."

Nilifanya kazi kwake mpaka masikio yangu yalipochoka. Bado yupo hai, anakaa Ruharo kwa binti yake, nampigia kila Jumapili baada ya ibada. Kila kitu nilicho nacho katika ufundi huu kilianzia katika ile "hapana chelewa".

Alinifundisha kwa kuniacha niaibike. Kulikuwa na harusi Rugaaga, na mpiga gitaa wa pale alitaka tumtengenezee sauti katika mashine aliyoinunua kwetu. Nilikaa dukani asubuhi nzima na visikizio masikioni, nikamtengenezea sauti tamu, yenye mwangwi wa kanisa kuu, yenye eko inayorudia kila noti na kujizungusha, besi nene chini, trebo inayometa juu. Mzee akapita, akanivua visikizio, akavivaa, akasikiliza, akavirudisha. Akarudi kwenye hesabu zake.

Tulienda Rugaaga wote wawili. Hema, watu mia kadhaa, kinanda, ngoma, bafle mbili kubwa. Kijana akaanza kupiga, na gitaa halikuwepo. Namwona anapiga, namwona anatoa jasho, lakini masikioni hakuna gitaa, kuna ukungu tu. Besi yangu nene ilimezwa na kinanda. Trebo yangu inayometa ilimezwa na matoazi. Mwangwi ukaloweka kila kilichobaki. Mzee Katabazi alikuwa amekaa anakula, akasema bila kuinua kichwa: "Wewe napika chakula ya mtu moja. Hapa kuna watu mingi."

Nilipanda pale mbele nikiwa nimeinama kama mwizi, nikapunguza mwangwi karibu wote, nikapunguza besi, nikapandisha sauti za katikati ambazo kwenye visikizio zilisikika mbaya kama pua iliyoziba. Gitaa likajitokeza. Bibi arusi akaanza kucheza. Tangu hapo nasema: sauti ya kupiga mbele ya watu itengeneze kwa bafle, umesimama, kwa ukubwa utakaopigia. Visikizio ni vya kufanyia mazoezi nyumbani usisumbue majirani.

Na kwa kuwa niko hapo hapo: mashine hizi haziigi ampli tu, zinaiga na kasha la spika. Ukienda moja kwa moja kwenye miksa na bafle za kanisa, acha kasha liwake. Ukichomeka kwenye ampli halisi ya gitaa, zima kasha. Usipolizima, unaweka kasha ndani ya kasha, na gitaa lako litasikika kama mtu anayesalimia akiwa ndani ya blanketi. Wangapi wameniletea mashine wakisema imeharibika, nikabonyeza batani moja, ikapona! Wengine walidhani nina maombi.

Lakini si kwa ajili ya hayo nimeamua kuandika. Kuna jambo nililolifanya, na kuna mama mmoja Mrundi ambaye lazima mmjue, maana yeye ndiye aliyenifundisha kusikia, na hakuwahi kushika gitaa maishani mwake.

Alikuwa anaitwa Mama Désiré. Aliuza nyanya sokoni Base Camp, hapa hapa Nakivale. Désiré alikuwa mtoto wake wa kwanza, mpiga gitaa wa kanisa lao la Kikatoliki, na alifariki kwa ugonjwa akiwa bado kijana. Mimi sikumjua. Nilimjua mdogo wake, Juvénal, aliyeingia dukani Kakoba siku moja amekumbatia mashine ya kaka yake ndani ya kitenge.

"Fundi, hii inaruka," akaniambia. "Niko napiga wimbo, inajibadilisha yenyewe, inakwenda kwa sauti ingine. Jumapili iliyopita ilipiga kelele ya roki kwenye sala ya Baba Yetu."

Nilicheka. Yeye pia alicheka kidogo. Akaeleza kwamba ndani ya ile mashine kuna sauti nne ambazo kaka yake alizitengeneza kwa mkono wake, na kwamba yeye hupigia hizo hizo, hajawahi kugeuza kitu. Baada ya wiki tatu familia ingemaliza matanga. Warundi wanaiita kuganduka: ndugu wote wanakusanyika, wanakula, wanakunywa, huzuni inafungwa rasmi. Mama yake alikuwa ameomba kitu kimoja tu kwa siku ile, gitaa lipigwe kwa sauti ya Désiré.

Mzee Katabazi alikuwa na sheria: mashine ya mtu haiguswi kabla hujaandika kila kilicho ndani yake. Kulikuwa na daftari la shule kwa kazi hiyo. Unafungua sauti ya kwanza, unaandika ampli gani, besi ngapi, trebo ngapi, eko ngapi, mpaka mwisho. Ni kazi ya saa nzima na inachosha macho. Siku ile Mzee alikuwa ametoka, Juvénal alikuwa anangoja, na mimi nilitaka aone jinsi fundi wa Kakoba anavyofanya kazi haraka. Nilijiambia kumbukumbu ya mashine imechanganyikiwa, irudishwe tu ilivyotoka kiwandani. Nilikuwa nimejifunza njia yake karibuni na nilijivunia. Unazima, unabonyeza batani mbili kwa pamoja, unawasha huku umezishikilia. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza kuwa nina hakika.

Juvénal akachomeka gitaa, akapiga. Sauti ikatoka ngeni, kali, ya kiwandani. Akazungusha kifundo kwenda namba ya pili. Ngeni. Ya tatu. Ya nne. Akanitazama.

"Fundi. Ziko wapi?"

Na mjue, wakati tumesimama vile, mashine ikaruka yenyewe kwenda namba nyingine. Nilikuwa sijaponya hata ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ulikuwa vumbi ndani ya kile kifundo. Baadaye niliuponya kwa tone moja la dawa ya kusafishia.

Juvénal hakupiga kelele. Aliifunga mashine katika kitenge, fundo la kwanza, fundo la pili, akatoka. Nilimfuata mpaka barabarani, nikamwita, hakugeuka. Akapanda boda boda.

Mzee aliporudi nilianza kumweleza kwamba ile mashine ilikuwa mbovu tangu zamani, kwamba kumbukumbu yake huenda ingepotea tu yenyewe. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, "Daftari iko wapi?"

Nikamwambia sikuandika.

Alikaa chini, akanyoosha ule mguu mgumu. "Kule jeshi, kama wewe napoteza bunduki ya mwenzako, hapana tuma barua. Wewe naenda na miguu yako, nasimama mbele yake, nasema: ni mimi." Akaninyooshea bafle ndogo ya dukani. "Beba hii. Kesho hapana kuja kazi. Rudi siku wewe namaliza."

"Nitamaliza nini, mzee? Zimefutika."

"Mimi najua? Enda uliza mama."

Kesho yake nilikwenda. Nyumba yao ilikuwa ya tope, imezungushiwa migomba, mlango wa bati. Juvénal aliponiona alisimama akatoka kwa mlango wa nyuma. Mama Désiré alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua nyanya, zilizoiva upande huu, zilizopondeka upande ule. Nilibaki nimesimama na bafle mkononi.

"Mama, ni mimi nilifuta sauti za Désiré. Mashine haikuwa na kosa. Ni haraka yangu."

Aliendelea na nyanya mbili au tatu. Halafu mikono ikasimama.

"Zote ine?"

"Zote nne, Mama."

"Haiwezekane kurudi?"

"Haiwezekani."

Akaigeuza nyanya moja mkononi. Nje kuku walikuwa wanaparua. Nilitamani anitukane, anirushie hata nyanya, nijue pa kuanzia. Badala yake aliuliza swali la kifundi kuliko yote niliyowahi kuulizwa: "Wewe, ulimusikia Désiré akipiga?"

"Hapana, Mama. Sikumsikia hata siku moja."

"Basi utaitengeneza namna gani?"

Nilikuwa na jibu, na nililionea fahari. Nilisema nitapata video. Kweli, jirani mmoja alikuwa na video ya harusi kwenye simu, Désiré anaonekana nyuma ya maharusi, gitaa linasikika. Niliazima ile simu, nikakaa kwenye migomba yao siku nne nzima na mashine aliyonitolea Mama, nikilinganisha, nikipandisha, nikishusha. Siku ya nne sauti zote mbili zilifanana kama sura na kioo. Nikamwita Mama Désiré, nikampigia.

Alisikiliza vizuri, kichwa amekiinamisha. "Hiyo ni simu," akasema.

"Ndiyo, Mama, nimeifuata ile video..."

"Oya, hapana. Nasema hiyo unayopiga ni simu. Désiré hakukuwa simu."

Vijana, nilitaka ardhi inimeze, maana alikuwa amesema kweli tupu. Kinasa sauti cha simu hukata besi yote na kuminya kilichobaki. Mimi, fundi, nilikuwa nimetumia siku nne kutengeneza kwa uangalifu mkubwa sauti ya simu mbovu. Leo nawaona mnafanya vilevile: mnasikiliza wimbo kwa simu, mnataka mashine yenu itoe kile mnachosikia pale. Msifanye hivyo. Sikilizeni mtu akipiga mbele yenu, na kama hayupo, mtafuteni aliyemsikia.

Aliyemsikia alikuwa mbele yangu. Nikaweka simu chini. "Mama, basi niambie wewe. Ilikuwa namna gani?"

Alisema yeye hajui mambo ya gitaa. Nikamwambia asiseme ya gitaa, aseme ilimgusa wapi. Akafikiri. Akaweka kidole kwenye meno yake. "Hiyo yako inanigusa hapa. Kama kuuma ndimu." Akashusha mkono, akauweka chini ya koo, pale mifupa ya kifua inapokutana. "Désiré alinigusa hapa."

Nikapunguza trebo. Nikapiga. "Bado ndimu." Nikapunguza tena. "Ego, ndiyo. Sasa meno yamepona." Nikapandisha besi, akashika tumbo, akatikisa kichwa. Ilikuwa chini mno. Nikarudisha, nikapandisha katikati kidogo kidogo, na mkono wake ukawa unapanda kutoka tumboni, taratibu, mpaka ukafika pale chini ya koo. Ukasimama.

"Usiguse tena," akasema.

Siku nyingine alinieleza eko. Mimi nilikuwa nimeiweka ya kurudia mara nne, mara tano, maana ndivyo nilivyopenda. Akakataa. "Unajua ukimwita mutu ng'ambo ya bonde? Unaita, bonde linajibu mara moja. Halijibu mara tano. Likijibu mara tano utakimbia, utasema ni mashetani." Tukacheka wote wawili, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Nikaweka eko ya jibu moja. Akauliza kama bonde linaweza kuwa kubwa kidogo. Nikaongeza muda wa eko. "Hapo. Hapo ni kwetu."

Nilikwenda kila siku, baada ya yeye kutoka sokoni. Nilijifunza kwamba "kavu" kwake ni mwangwi umekosekana, na "kunyeshewa" ni mwangwi umezidi. Nilijifunza kwamba "anasema na mtu mwingine" maana yake sauti iko nyuma mno. Tangu siku hizo sijawahi kumuuliza mteja anataka trebo ngapi. Namuuliza inamgusa wapi, na mikono yangu ndiyo inayotafuta namba. Na kila namba niliiandika katika daftari, pale pale, kabla ya kugusa nyingine.

Lakini kuna kitu kilipungua na hatukukijua. Tulifika karibu, tukakwama. Mama Désiré akawa anasema, "Ni yeye, lakini amekasirika." Nikapunguza mkwaruzo, ule ukali wa ampli iliyofunguliwa sana, akasema sasa amelala. Nikaurudisha, amekasirika. Siku tatu tulicheza hapo, amekasirika, amelala, amekasirika. Siku zilizobaki zilikuwa chache.

Juvénal alikuwa hajanisemesha hata neno tangu nianze kuja. Alikuwa akipasua kuni nyuma ya nyumba kila nilipofika, kuni nyingi kuliko ambazo nyumba ile ingeweza kuchoma. Siku ile shoka lilinyamaza. Akasimama mlangoni.

"Alikuwa anapunguza kwa gitaa," akasema.

"Unasema?"

"Kile kifundo cha volimu, kwa gitaa yenyewe. Désiré alikuwa anakiweka nusu. Mimi nafunguaka yote, maana nilitaka nisikike. Na hakutumia kipigio. Alipigaka na kidole gumba."

Mnaelewa maana yake? Mashine haihifadhi kifundo cha gitaa. Haihifadhi kidole gumba. Ukipunguza volimu kwenye gitaa, ampli iliyoigwa vizuri hutulia, mkwaruzo unabaki kama vumbi jepesi, ukiongeza, inakasirika. Nusu ya sauti ya Désiré haikuwahi kuwa ndani ya kile kisanduku. Ilikuwa mkononi mwake, na aliyeiona ni mdogo wake peke yake. Ndiyo sababu nawaambia mkienda kununua, jaribuni hicho kwanza: fungua volimu yote ya gitaa, kisha ishushe nusu. Mashine nzuri hubadilika tabia. Mashine mbaya hupungua kelele tu.

Nikamnyooshea gitaa. Hakulichukua mara moja. Alipangusa mikono kwenye suruali, akaketi, akashusha kifundo nusu, akaweka kile kipigio mezani. Akapiga kwa gumba, polepole, wimbo wa kuingilia misa.

Mama Désiré alisimama. Nyanya zilikuwa mapajani mwake, zikaanguka, hakuna aliyeziokota. Aliweka mkono chini ya koo akasikiliza mpaka mwisho. Nami nilikuwa namwangalia yeye tu, kwa sababu ndiye aliyekuwa kipimo changu.

"Si yeye," akasema.

Nikanyoosha mkono kwenye mashine. "Tutajaribu tena, Mama. Bado kuna siku mbili."

"Oya, acha." Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa imetulia. "Désiré alikuwa anakimbia. Huyu anatembea. Huyu ni Juvénal." Akamgeukia mwanawe. "Sikukusikia tangu kaka yako alipokufa. Kila Jumapili nilikuwa namusikiliza yeye, wewe sikukusikia. Iacheni hivyo."

Juvénal aliinamisha kichwa juu ya gitaa. Mimi nilibonyeza batani ya kuhifadhi, nikasubiri mashine iniambie imehifadhi, nikaandika katika daftari, nikapiga na picha kwa simu. Mara tatu nilihakikisha.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nilistaafu wakati mikono bado inafanya kazi. Ni masikio. Sauti za juu zimeniondoka, zile za ndimu. Jumapili tatu mfululizo mama mmoja wa kwaya yetu aliniambia, "Papa, gitaa inakata masikio," nami nikamjibu hasikii vizuri. Kumbe asiyesikia ni mimi. Nilikuwa naongeza trebo kujaza shimo lililo kichwani mwangu. Nilipogundua sikusubiri. Nilikwenda Ruharo kumuaga Mzee Katabazi, akaniambia, "Wewe natumika vizuri," na kwa lugha ya yule mzee hiyo ni medali. Sikusikitika sana. Fundi anaweza kuazima masikio. Nimeazima ya mama muuza nyanya na yamenilisha maisha yangu yote yaliyobaki.

Siku ya kuganduka nilikwenda nikiwa na wasiwasi, nikakaa nyuma, karibu na njia. Watu walikuwa wengi, Warundi wa Nakivale nzima, ndugu wengine walitoka mbali. Bia ya mtama ilikuwa katika mitungi, na mirija mirefu. Juvénal alipiga. Gitaa lilifika mpaka kwenye migomba na halikuuma meno ya mtu. Watoto walicheza. Nikafikiri, sasa naweza kuondoka taratibu.

Mama Désiré aliniona nikiinuka. Alikuja akanishika mkono mbele ya watu wote, akaniongoza mpaka kwenye mkeka wa wazee wa familia, akanikalisha. Mjomba mmoja akauliza mimi ni mtoto wa nani.

"Huyu," akasema, "ndiye alifuta sauti ya Désiré."

Vichwa vyote viligeuka. Sikuwa na pa kuweka macho.

"Na ndiye alikuja kuniambia," akasema.

Kisha akaniletea Fanta, kwa kuwa alijua sisi Waprotestanti hatunywi mtama, na sahani ya ugali na maharage. Nilipoimaliza, aliijaza tena bila kuniuliza. Nikala.